Banda Lisilo na Tundu la Moshi

Asubuhi hiyo wakili mstaafu aliamka mchangamfu, kama mtu anayekaribia kumaliza kazi. Kwenye meza ya chumba cha nyuma, kando ya reli yake ndogo ya mfano, lilisimama banda la vichwa vya treni alilolijenga kwa mkono: kuta za kadibodi zilizochorwa tofali moja moja, milango yenye bawaba za waya, madirisha ya plastiki angavu. Lilibaki paa tu.

Mkewe aliingia na chai, akainama kuchungulia.

"Baba watoto, moshi utatokea wapi? Mabanda ya zamani yalikuwa na matundu juu."

"Kichwa hiki ni cha umeme, mama watoto. Moshi kitautoa wapi?"

"Haya. Kichwa chako kikianza kukohoa, usiniite."

Wakacheka. Akalibandika paa zima, bila tundu, kwa gundi isiyobanduka.

Aliyeanza kukohoa ni mkewe. Leso ikatoka na masizi. Daktari aliuliza kama anapikia kuni. Walikuwa na jiko la gesi tangu waoane. Picha ya kifua ilionyesha mapafu ya mtu aliyechochea tanuri maisha yake yote. Na madirisha ya banda yalikuwa yakiingia weusi, kwa ndani.

"Litoboe," mkewe alinong'ona.

Wakili alikuwa amezeeka akipangua ushahidi wa uchawi mahakamani. Mambo mawili kutokea pamoja, alimweleza kwa upole, hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Akakitoa kichwa cha treni, akakifungia kabatini. Akakata umeme wa chumba. Mwishowe akampeleka mkewe kwa dada yake, mji mwingine, ili hewa ya nyumba isisingiziwe.

Shemeji yake akapiga simu.

"Mto wake umekuwa mweusi, shemeji. Anachosema ni kimoja tu: toboa. Unapungukiwa nini ukitoboa?"

"Nikitoboa nitakuwa nimekubali."

"Basi kubali."

"Nivumilie mpaka kesho. Akipata nafuu huko, tutajua ni hewa."

Nyuma ya shemeji kilisikika kikohozi kikavu, kisichopata pumzi ya kumalizia.

Kesho yake mchana, nafuu ikiwa haijaja, alizamisha ncha ya kisu katika paa.

Moshi wa moto ukamgonga usoni. Kisha, kutoka ndani ya banda, ikasikika pumzi ikivutwa. Ndefu. Ya mtu aliyeibuka kutoka majini.

Simu ikalia. Shemeji alikuwa analia. Sasa hivi, alisema. Sasa hivi tu.

Baada ya mazishi aliketi mbele ya banda, jua likiwa limejaa chumbani. Weusi ulikuwa umetoweka madirishani. Dirisha moja likaingia ukungu. Likatakata. Likaingia tena, taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala.

Machozi yalimlengalenga. Lakini dai lisilojaribiwa, kwake, halikuwa ushahidi.

Akaliziba tundu kwa kidole.

Ukungu ukaja haraka. Haraka zaidi. Ngozi ya kidole ikavutwa ndani. Kitu kikagonga ukuta wa kadibodi, kwa udhaifu. Hakuachia. Alitaka kuwa na hakika.

Ukungu ukakoma.

Alipoinama kuangalia, dirisha zima lilikuwa na ukungu isipokuwa duara moja dogo, lililofutwa kwa ndani, pale ambapo mtu angefuta ili amwone aliye nje.