Visikizi Kutoka Nyali

Magharibi ilikuwa karibu kuadhiniwa pale Mtopanga, na Mwanaima hana mbuzi ya kukunia nazi. Yake ilikuwa imeng'oka ulimi. Mkwewe, Bi Ummulkheir, alikaa barazani na tasbihi mkononi, akimtazama kama mtu atazamaye mchele wenye mawe.

"Leo tutakula wali mkavu, mke wa mwanangu?"

"La, mama. Naenda kwa Pascalia kuazima."

Pascalia alikuwa mpangaji wa chumba cha nyuma, mtu wa bara, akifanya kazi za nyumba huko Nyali. Aliivuta mbuzi yake uvunguni, na juu ya kigoda chake akaweka visikizi vya waya, vile vya kusukumwa ndani kabisa ya sikio.

"Mama Jalila, chukua na hizi. Wenye nyumba walikuwa wanatupa. Mimi zinanibana tu."

Mwanaima hakuwa mjuzi wa vidude vya kusikilizia muziki. Alitaka taarabu kidogo wakati wa kukuna, asisikie maneno ya barazani. Alikaa uani juu ya mbuzi, akachomeka waya kwenye simu yake, akaupitisha nyuma ya masikio, akasukuma vile vipira mpaka vikakaza. Uani kukafa. Kuku, watoto, redio ya jirani, vyote vikazimika.

Kisha wimbo ukaingia, naye akaacha kukuna. Fidla ilikuwa kushoto, ngoma ilimpiga tumboni, na mwimbaji alikuwa karibu mno hata akasikika akimeza mate. Miaka yote Mwanaima alisikiliza wimbo ule kwa spika ya simu. Kumbe alikuwa akila maganda.

Wimbo ukaisha.

Kulikuwa na mtu anapumua.

Upande wa kushoto. Mwanaima alidhani ni mwimbaji... lakini wimbo si umekwisha? Harufu ikampanda puani, harufu ya chuma kilicholowa.

"Mwanaima."

Sauti ya mamake. Na mamake alizikwa zamani.

Mtoto wa pwani hufundishwa mambo mawili, na yote kwa kofi. Ukiitwa na mkubwa, itika abee. Na ukiitwa magharibi, nyamaza mpaka umwone anayekuita, au aite mara tatu, kwa sababu kisicho mtu huita mara moja. Lakini sauti ikiwa ndani ya kichwa, utageuka umtazame nani? Lile la kwanza lilimtoka kabla la pili halijamjia.

"Abee, mama."

Kisha kitu kikacheka kidogo, na hakikuwa tena mamake.

"Kuna."

"Nakuna," alinong'ona Mwanaima.

"Si hiyo. Mwite mtoto."

Kifuu kilimponyoka. Alitaka kusimama, miguu ikakataa. Alitaka kuvuta ule waya, mkono ukabaki pajani. Mdomo pekee ndio uliofunguka, na mdomo haukuwa wake.

Jalila alikuja kutoka mlangoni, miaka minne, nywele zimesukwa vizuri. Alikuja kwa adabu, kama alivyofundishwa. Mamake akamdaka kwa zile nywele. Akambana magotini. Akaugeuza uso wake kwenye ule ulimi wa chuma wenye meno, kama mtu anavyoshika kipande cha nazi.

Kwaru.

Mtoto alifungua kinywa mpaka koo likaonekana. Mwanaima hakusikia kitu. Masikioni mwake ule wimbo ulikuwa umeanza tena, mtamu, kila chombo mahali pake. Kwenye sinia nazi nyeupe iligeuka nyekundu... na mkono wake ukavuta tena.

Bi Ummulkheir alikuja mbio kutoka barazani. Alichukua mchi wa kinu akampiga mkwewe begani, mfupa ukalia. Mkono haukuachia. Akampiga tena. Akavuta waya, ukanyooka kama mshipa, vipira havikutoka. Mwanaima alimng'ata kidole mpaka meno yakagonga mfupa. Bibi yule akakiacha kidole kinywani, na kwa mkono wa pili akachimba sikio la kushoto kwa kucha, akang'oa kile kidude pamoja na kipande cha sikio.

Cha kulia kikadondoka chenyewe.

Hapo ndipo Mwanaima alipokisikia kilio cha mwanawe.

Shavu la Jalila lilishonwa. Sufyan, babake, aliporudi kutoka kazini Changamwe aliambiwa mtoto ameangukia mbuzi, na akaamini, maana wanaume huamini kinachowapunguzia kazi. Bi Ummulkheir alivichoma visikizi na ile mbuzi kwa pamoja, ulimi wake wa chuma akautupa chooni. Tangu siku hiyo nyumba ile hununua nazi iliyokunwa tayari, kwenye mfuko.

Pascalia alikuja kuomba radhi, akasimama mlangoni.

"Hata mimi iliniita," alinong'ona. "Mara moja. Nikaiuliza, kwani wewe ni nani? Ikanyamaza. Nikajua ni usingizi."

"Hukuitika?"

"Kwetu hatuitiki hivyo, Mama Jalila. Nyinyi mmezidi adabu."

"Na mwenye visikizi yuko wapi?"

"Yule mzee alikufa nazo masikioni. Mke wake... sijui. Walipaka ukuta rangi upya. Mimi ni wa kufagia, nani atanieleza?"

Sikio la kushoto la Mwanaima halisikii tena. Jalila amefunzwa upya na bibi yake: magharibi usiitike, hata ukiitwa na mama, mpaka zitimie tatu. Majirani husema mtoto ameharibika. Wacha waseme.

Jana, adhana inakaribia, Mwanaima alikuwa chumbani akijifunga mtandio, pini ameziuma, midomo imefumba. Akaisikia sauti uani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Jalila."

Mtoto akanyamaza. Vizuri, mwanangu.

"Jalila."

Pini zikamwanguka Mwanaima. Alipiga kelele, lakini kelele haikutoka.

"Jalila."

"Abee, mama," mtoto aliitika, na viatu vyake vidogo vikaenda mbio uani.

Kwenye nyumba isiyo na mbuzi, kitu kikaanza kukuna.