Baiskeli Mbili, Mtu Mmoja

Taengmo alikuwa amebishana na karani wa dirisha la mizigo mpaka foleni nyuma yake ikaanza kununa, na hakuwa na nia ya kuondoka.

"Dada, treni mpya haichukui baiskeli nzima. Ifungue, itie kwenye mfuko, uibebe kama begi."

"Na ile ya zamani?"

"Ya zamani ina behewa la mizigo. Lakini inachelewa."

"Sijakuuliza kama inachelewa."

Mtu akacheka nyuma yake. Taengmo akageuka, tayari kuhamishia vita kwake. Ukumbi wa stesheni kuu ya Bangkok ulikuwa umefurika watu wa Ijumaa, harufu ya mishikaki ya nguruwe ikitoka kwenye kila mfuko wa plastiki, na katikati ya msongamano huo alisimama kijana mrefu mwenye ovaroli ya kijivu ya mafundi wa lifti. Mkononi alikuwa na gurudumu moja la baiskeli.

"Samahani, sikukucheka wewe," alisema. "Nimemcheka yeye. Anadhani utachoka."

"Na wewe unasafiri na gurudumu tu? Baiskeli umeiacha ikifuata kwa miguu?"

"Namtumia mdogo wangu Khon Kaen. Naitwa Kop."

"Chura?"

"Mama anasema nilizaliwa na macho makubwa. Wewe je?"

"Taengmo."

"Tikiti maji." Alimtazama kuanzia kofia ya njano hadi suruali ya baiskeli yenye maua mekundu, akaona jina limempata mwenyewe. "Chura na tikiti maji. Sokoni kwetu tungewekwa meza moja."

Taengmo alijitahidi asicheke, akashindwa. Wala hawakuulizana majina mengine. Kule mtu huitwa jina alilopewa utotoni mpaka anazeeka. Lile la kitambulisho hukaa kabatini, likatolewa siku ya hospitali, ya polisi, au ya mpakani.

Mapenzi yao yalikua juu ya ramani. Taengmo alikuwa mpangaji wa zamu za wauguzi katika hospitali moja ya mjini, na alipanga safari kama alivyopanga zamu: treni hadi Nong Khai kwa mama yake, basi la kuvuka daraja la mto Mekong, kisha kunyonga pedali kuikata Laos mpaka milima ya mpaka wa Vietnam, na kuteremka hadi Vinh. Huko Vinh shangazi zake wangefanya karamu ya kumbukumbu ya babu yake, aliyeivuka milima hiyo hiyo kwa miguu ujanani, akaja Thailand na asirudi. Taengmo alitaka kurudi kwa niaba yake, kwa nguvu za miguu yake mwenyewe. Tena alikwishawatangazia shangazi kwamba safari hii haji peke yake.

Hilo ndilo lililokuwa na uzito. Miaka miwili nyuma walikuwa wameshashona nguo za harusi ya Taengmo na mwanamume mwingine, mnajimu akamwambia huyo bwana kwamba nyota zao hazipatani. Bwana akaaga kwa simu. Shangazi walikuwa hawajamaliza kulisema jambo hilo.

"Mwanamume atakayetaja mnajimu mbele yangu," Taengmo alimwambia Kop siku ya kwanza kumsimulia, "nitamshusha hapo hapo njiani."

Kop alitikisa kichwa, akaendelea kumenya embe.

Simu zao zilikuwa hivi.

"Umekula, tikiti langu?"

"Nimekula. Umebadilisha breki?"

"Nakuuliza mapenzi, unanijibu breki."

"Breki ndiyo mapenzi. Ukiporomoka na mlima wa mpakani, nitampenda nani?"

"Utampenda karani wa mizigo. Naona mlielewana."

Wiki ya safari Kop akaanza kubabaika. "Mpenzi, tusisogeze mbele siku tatu nne?" Kwa nini? "Mambo ya pasipoti." Taengmo aliwahi kuishika pasipoti ile kwa mkono wake, nzima, haijakaribia kuisha. Alimwambia karamu ya marehemu haisogezwi.

Jioni ya kuondoka walikutana stesheni. Baiskeli zikapimwa, zikafungwa vibandiko, zikasukumwa kwenye behewa la mizigo. Mkaguzi akaomba tiketi na vitambulisho. Akaangalia cha Kop, akaangalia tiketi, akaangalia tena.

"Tiketi inasema Thawatchai. Hapa umeandikwa Nopparuj. Wewe ni yupi?"

Taengmo akakichukua kitambulisho. Sura ilikuwa ya Kop, macho yake yale yale. Tiketi alikuwa ameikata yeye, kwa jina la pasipoti ile, lakini jina hili lilikuwa la mtu asiyemjua.

"Nimebadilisha jina," Kop alisema taratibu. "Mwezi uliopita. Watu hubadilisha."

"Najua watu hubadilisha. Wanaokimbia deni hubadilisha. Wanaokimbia mke hubadilisha. Wewe unakimbia nini?"

"Sikimbii kitu. Pasipoti ya zamani imekatwa pembe, mpya inakuja kwa posta nyumbani Khon Kaen. Nilidhani itawahi. Taengmo, nitakueleza, lakini si hapa."

"Hapa hapa."

Kop akafungua mdomo, akaufunga. Ukimya wake ulimuuma Taengmo kuliko jibu lolote. Alijua sura ile ya mwanamume anayetafuta maneno ya kuagia, na safari hii hakutaka kuachwa, akaacha yeye. Alipanda treni peke yake, akakaa upande usio na jukwaa ili asimwone, akalia mpaka taa za mji zikaisha.

Alichosahau ni kwamba baiskeli ya Kop ilikuwa imeshapakiwa.

Asubuhi, Nong Khai, mpakuzi aliishusha ya njano, kisha akaishusha ya buluu.

"Baiskeli mbili, mtu mmoja?"

"Hii yangu," Taengmo alisema. "Ile ni ya mtu nisiyemjua jina."

Jaribu kutembea na baiskeli mbili zilizojaa mizigo, moja kila mkono. Zinagombana kama mawifi. Mama yake, aliyemsubiri nje ya stesheni, alitazama baiskeli, akatazama nyuma ya binti yake, akaona hakuna mtu.

"Kop yuko wapi?"

"Kop gani? Kuna Thawatchai na kuna Nopparuj. Kop simjui."

Mama akaipokea moja, wakazisukuma mpaka kwenye duka lake la vibanzi vya nyama vya kufungia kwenye karatasi za mchele zinazolika. Alimwekea sahani ya majani na mchuzi wa karanga, akakaa mbele yake, akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

"Nilimwambia mimi," alisema.

"Ulimwambia nini?"

"Alipokuja kujitambulisha nilipeleka jina lake kwa mnajimu. Akasema litakukalia vibaya kwenye ndoa. Nikamweleza kijana, na nikamkataza asikwambie. Nilijua utawaka."

Taengmo alikuwa amekwisha kuwaka. Lakini kulikuwa na jambo lililobaki. "Naye akasemaje?"

"Aliniuliza jina gani linafaa. Kesho yake akaenda ofisi ya wilaya."

Taengmo alisukuma sahani. Alimkasirikia mama yake, akamkasirikia mnajimu, akajikasirikia mwenyewe kwa kukaa upande usio na jukwaa. Kisha akachukua simu, akatoka nje ya duka.

"Ulinificha," Taengmo alisema mara Kop alipopokea.

"Nilikuficha. Hapo sina utetezi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kushushwa njiani." Kop akapumua. "Yule wa kwanza nyota zilimwambia aondoke, akaondoka. Na mimi ziliniambia hivyo hivyo. Nikaona afadhali jina ndilo liondoke, mimi nibaki. Lilikuwa jina zuri, babu ndiye aliyenipa. Lakini haliwezi kunipikia chai nikizeeka."

Taengmo alikaa kwenye ngazi ya duka. Hakumwambia kwamba analia tena, na Kop akajifanya hasikii.

"Uko wapi sasa?" aliuliza.

"Khon Kaen. Nilipanda basi usiku ule ule. Nimekaa getini namsubiri mtu wa posta, mbwa wa jirani ameshanizoea."

"Sikiliza. Nilikuwa nimepanga siku moja ya kupumzika Vientiane, ng'ambo ya daraja. Naitumia hapa. Kesho, basi la darajani la saa tisa. Likiondoka, nimeondoka, na baiskeli yako naiacha kwa mama auzie vibanzi."

"Wewe mwanamke huna huruma."

"Nina ratiba. Na usinifiche tena kitu, hata cha heri. Nitakasirika, halafu nitakula, halafu tutaongea. Ndivyo inavyokuwa."

"Ndivyo itakavyokuwa."

Kesho yake, kabla ya saa tisa, Taengmo alikuwa kwenye foleni ya uhamiaji ya darajani, ambako baiskeli hupakiwa kwenye basi pamoja na wenyewe. Alivaa shati jeupe alilopigiwa pasi na mama yake, mama ambaye sasa alikuwa anapiga pasi kila kitu kwa toba. Alizisukuma mbili zote. Watu walimpita. Simu ya Kop haikupatikana. Dereva aliwasha injini, na Taengmo akaanza kuifunga baiskeli ya buluu kwenye nguzo ili mama yake aje kuichukua, kwa sababu alichosema alikuwa amesema.

Ndipo lori la mananasi liliposimama kando ya barabara, na kijana wa ovaroli ya kijivu akaruka kutoka juu ya mananasi, mikwaruzo mikononi, kofia ya baiskeli kichwani tayari, pasipoti mpya mdomoni kwa sababu mikono yote ilikuwa imeshika begi.

"Posta," alisema alipoitoa mdomoni, akihema. "Amekuja saa tatu. Nilimkumbatia."

"Nyamaza ukae kwenye foleni."

Lakini alimshika mkono, na hakuuachia mpaka dirishani.

Ofisa aliifungua pasipoti, ambayo ilikuwa bado ngumu kufunguka. "Jina?"

"Thawa..." Kop akakwama. Mwezi mmoja hautoshi kuyasahau maisha.

"Nopparuj," Taengmo alisema kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa foleni. "Anaitwa Nopparuj."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka. Lilimkaa vizuri mdomoni.

"Nimemuuliza yeye," ofisa alisema. Akatazama nje kwenye baiskeli, kisha akamtazama. "Wewe ni nani wake?"

"Mkewe. Harusi bado, tukirudi kutoka Vinh. Lakini unaweza kuandika hivyo."

Kop aligeuka akamtazama kwa macho yake yote.

"Hapa siandiki, dada," ofisa alisema. "Napiga mhuri tu."

"Basi piga."