Nilimzuia Mume Wangu Asimwokoe Mdogo Wake

"Niachie, mdogo wangu anakufa!"

Nilikuwa nimemng'ang'ania mume wangu mkanda kwa mikono miwili. Ndani ya shimo la valvu za bomba la gesi, shemeji yangu alikuwa amelala kifudifudi, hatikisiki.

"Huingii," nikamwambia.

Kazini wote wanatazama. Jamani wa humu, hebu niamulieni nyie.

Mimi ni injinia. Ujana wangu umeishia kwenye visima vya mafuta na gesi, pamoja na mume wangu, fundi wa kuchomelea, na huyo mdogo wake. Visima vilipofungwa nikahamia kiwanda cha saruji. Tunanasa hewa ya ukaa kwenye dohani, tunaigandamiza, tunaizika ardhini. Nikawavuta na wao.

Shemeji alikuwa hanipi nafasi ya kupumua kwa utani.

"Shemeji, kule tulikuwa tunaitoa gesi ardhini, huku tunairudisha. Si tungeiacha tu ilale?"

Tunacheka. Ila kipima gesi kipya alikikataa, akabaki na kile cha visimani.

"Hiki tumetoka nacho mbali."

Kile kinashtuka kwa gesi inayowaka. Hii ya huku haiwaki, hainuki, na ni nzito, inajilaza mashimoni kama maji. Siku hiyo ilivuja shimoni, kikakaa kimya kiunoni mwake... akashuka.

Changu kipya kilipiga kelele nilipoinama tu. Ndiyo maana nilimshikilia mume wangu mpaka waokoaji wenye mitungi ya hewa wakafika.

Shemeji katolewa hai. Lakini mpaka leo anapumua kwa mashine.

Nyumbani ndugu wakajaa. Nikiingia, maongezi yanakatika. Wifi akashindwa kuvumilia.

"Ana moyo gani huyu? Kumshika mtu asimwokoe ndugu yake?"

Mume wangu kainamisha kichwa. Hakunitetea.

Mama mkwe akanyanyuka. Nikajua leo natupiwa mabegi nje...

Akaja kukaa ubavuni kwangu.

"Semeni mchoke. Wangeingia wote wawili, nani angenirudishia hata mmoja?"

Nililia kama mtoto.

Mnadhani imeisha? Leo asubuhi mume wangu karudi kazini. Hatusemeshani bado. Nikamwona getini, kiunoni kavaa kile kipima cha mdogo wake.

"Ndicho alichoniachia," akasema.

Nimemvua kwa mikono yangu, watu wanatazama tena, nikamvisha changu. Hakunishukuru.

Mliohama kazi, mazoea ya kule yaacheni kulekule. Na ukimpenda mtu, kubali akununie akiwa hai.