Samaki wa Ijumaa Dukani kwa Lavonne

Kila Ijumaa jioni Lavonne Kubisiak alikaanga samaki. Kwani nani hapa jimboni Wisconsin, Marekani, asiyekula samaki Ijumaa? Shida ni kwamba duka lake lilikuwa la baga. Jina, bango na mapishi vilikuwa vya kampuni ya jimbo lingine, na mkataba ulisema auze vyakula vya kampuni tu.

Basi siku moja barua ikaja. "Umevunja mkataba. Baada ya siku kumi, ondoa jina letu."

Lavonne aliisoma mara mbili. Miaka kumi na miwili ya jasho lake, hivi hivi tu! Mumewe, Gerald, akaleta maboksi.

"Tufanyeje?" akasema. "Tulitia saini wenyewe. Mkataba unawaruhusu kutufukuza kwa siku kumi, tena kwa sheria ya jimbo lao. Ahadi ni deni."

Lavonne akaanza kufunga vikombe kwa magazeti. Hata kulia aliona aibu.

Ijumaa ilipofika, jirani yao Bi Arlys Thorson akaingia. Mama huyu alikuwa karani wa wakili kwa miaka thelathini.

"Mbona sisikii harufu ya samaki?"

"Hakuna samaki, Bi Arlys. Hata duka hakuna." Lavonne akampa barua.

Bi Arlys akasoma, akasonya. "Siku kumi! Wanadhani hapa hakuna wenyewe? Gerald, weka boksi hilo chini."

"Lakini tulisaini..."

"Hata mngesaini mara mia! Jimbo letu lina sheria ya kuwalinda wenye maduka kama nyinyi. Kampuni haiwezi kuwafukuza bila sababu ya haki. Lazima itoe notisi ya maandishi ya siku tisini, itaje kosa, na iwape siku sitini za kulirekebisha. Mkirekebisha, notisi inakufa. Kifungu cha mkataba kinachopinga sheria hiyo hakina nguvu."

"Kwa hiyo mkataba ni karatasi tu?" Lavonne akauliza.

"Thubutu! Vifungu vingine vinabaki palepale. Samaki ni kosa lako, mwanangu. Acha kuwauza. Halafu Jumatatu mwende kwa wakili."

Walikwenda. Wakili akaandika barua, na kampuni ikatuma notisi nyingine, safari hii ya siku tisini. Lavonne akaacha kukaanga samaki, ingawa wateja walinung'unika.

Siku ya hamsini, Ijumaa, mkaguzi wa kampuni alikuja. Akafungua friji zote. Akanusa hata mafuta. Baga tu. Akaandika: "Kosa limerekebishwa. Notisi imefutwa."

Lavonne akapokea karatasi. Machozi yakamtoka mbele ya mgeni, wala hakuona aibu.

Mkaguzi alipofika mlangoni akageuka. "Samahani, mama. Hapa mjini leo mtu anapata wapi samaki?"

"Kanisani, ukumbi wa chini," akasema Lavonne. "Mume wangu anawakaangia watu bure. Wahi, foleni ni ndefu."