Bakuli Moja, Paka Wawili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimlisha Bwana Mkubwa, paka wao wa rangi ya majivu aliyejitwalia kiti kizuri kuliko vyote sebuleni. Msichana huyo aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Asubuhi hiyo paka alinusa chakula, akakisusa, akarudi kulala. Alikuwa amekonda hadi mbavu zinahesabika. Mama alimtia kwenye kikapu, wakampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alimfunua paka midomo. Fizi zilikuwa zimepauka. Akampapasa shingo, akakuta tezi zimevimba. Akamtoa damu kidogo, akaidondosha kwenye kipimo cha plastiki. Ikajitokeza mistari miwili.

"Ana virusi vya leukemia ya paka, vinavyoweza kuleta saratani ya damu," alisema. "Watu haviwaambukizi. Damu nyingine nitaipeleka maabara nihakikishe, nione pia kama saratani imeshaanza. Dawa ya kuviondoa kabisa hakuna, mwanangu, sitakudanganya. Ila tunaweza kumsaidia aishi vizuri."

Chiriku aliikodolea macho ile mistari. Alikuwa amekufa ganzi.

"Virusi hivi hukaa kwenye mate," daktari aliendelea. "Kuna paka mwingine anayekula naye?"

"Hapana," Chiriku alijibu upesi. Mama alikuwa ametoka kulipia kipimo.

Ulikuwa uongo mtupu. Kitoto cha paka cha jirani yao, fundi cherehani, kilikuja kula kila jioni. Mama alikwisha kusema kila paka awe na bakuli lake, lakini Chiriku na kuosha vyombo walikuwa hawapatani. Bakuli moja lilimtosha.

Jioni hiyo kitoto kilikuja mbio, kikaelekea bakulini. Chiriku alikinyakua, akaenda nacho moja kwa moja kwa fundi. Hakuona hofu wala aibu. Maneno yalimtoka makavu.

"Shikamoo, shangazi. Paka wetu anaumwa ugonjwa wa kuambukiza. Nimekuwa nikimlisha wako kwenye bakuli lake, na daktari nimemdanganya."

Fundi alisimamisha cherehani.

"We mtoto! Kumbe ndiyo maana kwangu hali chakula, mimi nadhani anaringa!" Fundi alifoka weee, kisha akaanza kutafuta kikapu. Mama alipoambiwa hakufoka.

Kesho yake kitoto kilipimwa. Ulitokea mstari mmoja tu, ule wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi.

"Kwa leo ni mzima," daktari alisema, "lakini virusi huweza kuchelewa kuonekana. Akae peke yake, kisha mumrudishe hapa apimwe tena."

Majibu ya maabara yalithibitisha virusi vya Bwana Mkubwa, na saratani pia. Alianzishiwa dawa za kuipunguza, akawa hatoki tena nje. Siku nyingine alikula, siku nyingine hakutaka.

Wiki kadhaa baadaye kitoto kilipimwa tena, kikakutwa kizima, kikachanjwa. Chiriku alikuwa amekishika.

"Na wetu, daktari?" aliuliza. "Ningesema ukweli siku ile, angepona?"

"Hapana. Wenu nitamtunza, lakini sitamponya," daktari alijibu. "Huyu uliyemshika angeendelea kula naye, sijui leo ningemwambia nini shangazi yako. Mimi nyumbani kwenu sipaoni, mwanangu. Wanyama hawana mdomo wa kunieleza, wana wewe. Ukinificha, nitatibu nusu, na nusu niliyoiacha itamuua mwingine."