Ukanda Mweupe Juu ya Sukari

Jambo lilianza na mafuta yaliyozama. Katika maabara moja ya Chiang Mai, Orathai alisaga kipande cha ubongo uliogandishwa ndani ya maji ya sukari, akayamimina mrijani juu ya maji mengine ya sukari nzito zaidi, kisha akauzungusha mrija kwa mashine. Mayelini, utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu ili hisia zifike ubongoni, hutakiwa kubaki katikati kama ukanda mweupe. Safari hii ulilala chini kabisa.

Alipima sukari upya. Alibadilisha mrija. Alihakiki ubaridi. Mara nne, matokeo yaleyale. Kikabaki kipande kimoja; bila mayelini hiyo, shahada yake ya udaktari ingefutwa Ijumaa.

"Mwenye kichwa hataki, mwanangu," alinong'ona Bunlert, fundi wa maabara.

"Amekufa, mjomba. Atakataaje?"

"Soda nyekundu ya sadaka kwa roho yake uliweka?"

"Niliweka. Ukainywa, nimekuona."

"Ilikuwa inaisha gesi."

Orathai hakucheka. Kwa kuwa hofu si ushahidi, alifungua faili la marehemu, mwalimu mstaafu aliyeutoa mwili wake kwa chuo. Hati ilisema wazi: wanafunzi wajifunze kwangu, kisha nichomwe mwili mzima, pasibaki kitu. Ubongo ulikuwa umebakizwa bila ridhaa. Haki ilikuwa upande wa marehemu, na Orathai alilijua hilo alipoikunja hati na kusaga kipande cha mwisho.

"Mpeleke kwa watawa wa hekaluni," Bunlert alisihi. "Wamchome."

"Jumamosi."

Mashine ilinguruma, ikanyamaza, na katika ukimya ule harufu ya chaki na maua ya asumini yaliyonyauka ikaenea taratibu kutoka mahali ambapo hapakuwa na chaki wala maua, huku kitu kikipumua ndani ya chuma kilichokwisha kusimama, pumzi ndefu, ya subira, kama ya mtu anayengoja darasa zima litulie ndipo aanze kufundisha.

Orathai akafungua. Chini ya mrija, utando wa mwalimu ulikuwa umezama kama mara zile nne. Juu yake, mahali hasa panapotakiwa, ulielea ukanda mwingine, mweupe, mpya.

"Wa nani huo?" Bunlert aliuliza.

"Wangu," alisema Orathai, akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Akauchomeka mrija kwenye ndoo ya barafu, akasimama akiutazama, bado ameushika. Dakika zikapita.

"Mwanangu," Bunlert alisema polepole, "toa mkono kwenye barafu."

"Kwani umo?"