Nanasi la Zubeida na Daktari wa Kwenye Simu

Pale Mwiki, upande wa Ruiru, ukiuliza Zubeida wa mananasi, hata mtoto atakuelekeza. Kibanda chake kiko karibu na mahali watu wanapochota maji. Mananasi yake yanatoka Thika, na anaenda kuyachagua mwenyewe. Analiinua moja moja na kulinusa kwenye kitako. Likinukia, analichukua. Lisiponukia, analirudisha, na hajali muuzaji akinuna.

"Mimi siuziwi kitu kwa maneno," Zubeida hupenda kusema. "Mimi nanusa."

Mumewe anaitwa Faki. Ni fundi wa makochi, mtu mpole wa maneno machache. Lakini Faki ana presha, na vidonge vya presha havipendi hata kidogo. Kila asubuhi Zubeida humwekea kidonge kwenye kisosi, kando ya kikombe cha uji. Kila asubuhi Faki hukitazama kama mtu aliyeletewa kesi.

"Sasa hivi vitu nitameza mpaka lini?" huuliza.

"Meza, Baba Waleed, uji unapoa."

Basi Faki humeza, na maisha yanaendelea.

Jumamosi wawili hao hukaa mbele ya televisheni kumtazama Dakta Githae. Huyo ni daktari mzee, mzaliwa wa Kandara, mkali kama pilipili. Kila akitaka kusema jambo huanza na "Atiriri!", yaani sikiliza hapa. Kipindi kikiisha huwanyoshea watazamaji kidole. "Atiriri! Ukiacha dawa ya presha, usije kunililia mimi!" Faki hucheka mpaka anakohoa.

Siku moja Zubeida akiwa kibandani, simu ikalia. Amida, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikuwa amemtumia video. Zubeida akafuta mikono kwenye leso, akaifungua.

Lo! Alikuwa Dakta Githae mwenyewe. Koti jeupe, miwani ile ile, amekaa kwenye meza ya habari. "Ndugu mtazamaji," alisema, "maji ya maganda ya nanasi husafisha mishipa ya damu. Mgonjwa wa presha hahitaji tena vidonge." Chini ya video kulikuwa na tovuti. Zubeida akaibonyeza. Ukurasa ulikuwa na rangi na nembo ya kituo cha televisheni. Hapo palikuwa na unga wa maganda ya nanasi wa kuagiza, na watu wengi walioandika kwamba wamepona.

Zubeida alisikia furaha imempanda mpaka kichwani. Miaka yote hiyo amekuwa akiwapa mbuzi wa jirani maganda, kumbe anatupa dawa! Watu walimwita mama wa mananasi kwa utani. Sasa daktari mkubwa amesema nanasi ni tiba. Nani hapendi kusifiwa?

Hakungoja. Aliituma video kwa kikundi cha akina mama wa madrasa. Akachukua kipande cha katoni, akaandika kwa herufi kubwa: MAGANDA YA NANASI, DAWA YA PRESHA. Akakitundika kibandani. Jioni alichemsha sufuria nzima.

"Baba Waleed, leo hakuna kidonge," alisema. "Tazama."

Faki aliitazama video, akatabasamu kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. "Dakta Githae akisema, mimi ni nani nibishe?" Akanywa kikombe, akaomba kingine. Vidonge vikapandishwa juu ya kabati.

Siku za kwanza mambo yalikuwa shwari. Kisha Faki akaanza kuumwa kisogo. Akasema ni jua. Siku nyingine akashona kitambaa cha kochi kikiwa nje ndani, na mwenye kochi akaja juu. Faki akasema ni uchovu. Zubeida akamwongezea maji ya maganda.

Asubuhi moja Wangeci alibisha hodi. Wangeci ni jirani yao. Pia ni mhudumu wa afya wa mtaa, yule anayepita nyumba hadi nyumba na mkoba wenye kipimo cha presha.

"Habari za hapa, Mama Waleed? Mzee yuko?"

"Yupo, karibu. Lakini kichwa kinamsumbua."

Wangeci akamfunga Faki kipimo mkononi. Kipimo kikavuta pumzi, kikashusha. Wangeci akatazama namba. Akapima tena. Uso wake ukabadilika.

"Ngai! Mzee, dawa unameza?"

Faki akamtazama mkewe. Zubeida akatazama sakafu.

"Tuliacha," alisema Zubeida. "Daktari alisema tuache."

"Daktari gani huyo?"

"Wa kwenye simu."

Wangeci hakugomba. "Hayo tutaongea baadaye," alisema. "Sasa hivi tunaenda hospitali. Chukua vile vidonge vyake, wavione."

Huko hospitali Faki alilazwa kitandani, akapewa dawa, akapimwa tena na tena. Muuguzi akamwita Zubeida pembeni. "Mama, mmebahatika," alimwambia. "Presha hii ingeendelea hivi, mzee angepata kiharusi. Angeweza hata kufa."

Zubeida alikaa kwenye benchi. Alimwona Faki kwa mbali, amelala kimya, viatu vyake vimepangwa chini ya kitanda. Mkono uliompa yale maji ulikuwa wake mwenyewe. Alilia, na hakujali nani anamwona.

Faki alirudi nyumbani presha ikiwa imeshuka. Kesho yake alasiri Wangeci alikuja tena, akakaribishwa chai.

"Sasa nionyesheni huyo daktari," alisema.

Zubeida akacheza video. Safari hii Faki hakuwa amevaa miwani yake. Alifumba macho, akasikiliza tu. Punde akainua mkono.

"Hebu rudisha." Akasikiliza tena. "Huyu si Githae."

"Baba Waleed, si huyo unamwona?"

"Namsikia. Amesema maneno yote hayo, hakuna 'Atiriri' hata moja! Tena 'ndugu mtazamaji'? Githae lini alituita ndugu? Yeye hutugombeza."

Wangeci akacheka. "Umemnasa, mzee. Video hii imetengenezwa na kompyuta. Wanaita akili bandia, au AI. Wanachukua sura ya mtu na sauti yake, kisha wanamsemesha maneno ambayo hajawahi kusema. Tazameni pia mdomo. Maneno yameisha, midomo bado inacheza."

Zubeida akasogeza simu karibu na macho. Kweli, mdomo ulikuwa unatafuna hewa.

"Kumbe ni rahisi kuwajua," alisema.

"La, usijidanganye," Wangeci akajibu. "Kila siku wanazidi kuwa wajanja. Nyingine huwezi kuona kasoro wala kuisikia. Kwa hivyo usiangalie sura tu. Jiulize: ametoa wapi habari hii? Anataka nifanye nini? Na kuna nani mwingine anayesema hivyo? Mtu akikwambia uache dawa ya hospitali na ununue yake, hapo simama kwanza."

"Lakini ilitoka kwa Amida! Amida hawezi kunidanganya, wallahi."

"Amida hakukudanganya. Amida alidanganywa kabla yako. Hata yeye aliipata kwa mtu anayempenda."

Kisha Wangeci akaomba waifungue ile tovuti. "Someni hapa juu, kwenye anwani. Hili ni jina la kile kituo?"

Zubeida akasoma polepole. Jina la kituo lilikuwepo, lakini limebandikwa maneno mengine mbele na nyuma, na mwisho wake haukuwa ule unaoandikwa kwenye televisheni kila siku.

"Sasa bonyeza hapa palipoandikwa 'Michezo'."

Zubeida akabonyeza. Badala ya mpira, kikatokea kisanduku: andika jina lako, namba ya simu na ugonjwa wako. Akabonyeza 'Habari'. Kisanduku kile kile. Akabonyeza 'Wasiliana nasi'. Kisanduku tena.

"Nyumba gani hii, kila mlango unaingia chumba kimoja?" Faki akauliza.

"Nyumba ya mwizi," Wangeci akasema. "Na hawa waliopona, wameandika lini?"

"Dakika tatu zilizopita," Zubeida akasoma. Akasoma tena. "Ngoja. Hata siku ile niliyoifungua kwanza ilisema dakika tatu zilizopita. Haki ya Mungu, ni watu wale wale!"

"Basi umejionea. Usiwaandikie chochote humo. Sasa funga hiyo. Tusipite kwenye njia waliyotupa wao. Tumtafute Dakta Githae kwenye ukurasa wa kituo chenyewe, ule wanaoutangaza kwenye kipindi."

Walimpata. Alikuwa na video mpya, na amekasirika kweli kweli. "Atiriri! Kuna watu wameiba uso wangu. Mimi sijasema muache dawa! Nanasi kula, ni tunda. Dawa ya presha meza. Ukitaka kubadilisha, uliza kliniki yako, si simu!"

Faki alicheka mpaka akakohoa. Zubeida hakucheka.

"Mama Waleed," Wangeci akamwambia taratibu, "wewe nanasi huchukui mpaka umelinusa. Mbona hii hukuinusa?"

"Kwa sababu ilinisifu," alisema Zubeida. "Iliniingia mahali panaponipendeza, nikasahau pua yangu."

Jioni ile Zubeida hakungoja aibu ipungue. Alibonyeza simu, akawaambia akina mama wa madrasa kwa sauti yake mwenyewe: "Assalamu alaikum. Ni mimi Zubeida. Ile video niliyowatumia ni ya uongo. Mume wangu nusura anifie. Aliyeacha dawa arudi kliniki kesho asubuhi. Na mliyemtumia, mwambieni. Nisameheni." Kisha akampigia Amida, wakalia pamoja, wakaishia kucheka. Ile katoni akaichana vipande.

Siku zikapita. Faki akarudi kwenye makochi yake, na kitambaa akakishona upande unaofaa. Kidonge kikarudi kwenye kisosi. Hukinunia bado, lakini anakimeza kabla uji haujapoa.

Asubuhi moja mzee mmoja alisimama mbele ya kibanda. Alikuwa Mzee Kivuva, mlinzi wa jengo la jirani. Alikuwa ameshika kichwa.

"Mama, nipe maganda ya presha. Yale ya kwanza yameisha. Naona nahitaji mengi zaidi."

Zubeida akamsogelea. "Mzee, wewe uliacha vidonge?"

"Si wewe uliandika hapa? Mimi nilisoma mwenyewe."

Zubeida aliweka kisu chini. "Niliandika, mzee wangu, na nilikosea. Nilidanganywa, nami nikakudanganya. Haya maganda si dawa ya presha."

Mzee Kivuva akamkazia macho. "Kwa hivyo nanasi lako halina kazi?"

"Lina kazi. Ni tamu." Zubeida akamkatia kipande, akampa mkononi. Kisha akavua aproni, akamwomba jirani amwangalizie kibanda, wateja wakiwa bado wamesimama. "Kula tukitembea, mzee. Tunaenda kwa Wangeci akupime, na kutoka hapo nakupeleka kliniki mwenyewe."